Nilitaka mwanzo wa ulimwengu nikapewa zinki oksaidi, na mstari mmoja wa rula ukanifundisha vyote viwili

Mimi fizikia niliipendea ulimwengu. Tangu niko fomu three swali langu lilikuwa hilohilo, kwamba kama magalaksi yanazidi kuachana basi ukirudisha saa nyuma si yanakaribiana, na ukizidi kurudisha yanabanana mpaka unafika kwenye nukta ambayo densiti haina mwisho na joto halina mwisho, sasa hiyo nukta ilikuwepo kweli au ni hesabu tu imefika ukingoni? Vitabu vya shule vinaipita kwa sentensi moja, Mlipuko Mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, basi, sura inayofuata.

Nilipoenda kuomba masters nikaenda na hilo swali kifuani. Idara haikuwa na mtu wa kunisimamia kwenye mambo hayo, aliyekuwepo alikuwa ameshastaafu, ila kulikuwa na Dokta mmoja wa fizikia ya vitu vigumu, mama mmoja mkali wa kazi ila roho safi, alikuwa na mradi, ana kemikali, ana tanuru, ana nafasi ya mwanafunzi. Akaniambia, "Mwanangu, we njoo tuoteshe zinki oksaidi, ulimwengu hautaondoka, utaukuta." Nikakubali. Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu ambao mpo hapo nilipokuwa mimi, mnapenda kitu kimoja na mmepewa kingine, kwa sababu kuna mambo niliyaona kwenye ile maabara ambayo sidhani ningeyaona kama ningekaa na karatasi za kosmolojia, yaani fizikia ya ulimwengu mzima, peke yake.

Zinki oksaidi unaijua hata kama jina hulijui. Ile losheni ya pinki ya kalamaini tuliyopakwa utotoni ukishikwa na tetekuwanga, ndani yake ndo hiyo. Kwenye matairi ya gari imo. Kwenye zile krimu za jua zinazoacha weupe usoni imo, na kwa ndugu zetu wenye ualbino krimu ya jua ni kinga ya saratani ya ngozi, haina uhusiano na urembo. Inafanya hiyo kazi kwa sababu moja ambayo ndo ilikuwa tasnifu yangu nzima: mwanga tunaouona inauachia, mwanga wa urujuanimno inaumeza.

Ndani ya fuwele elektroni zimekaa kwenye bendi ya chini imejaa, juu kuna bendi nyingine tupu, na katikati kuna pengo ambalo elektroni hairuhusiwi kukaa. Kwa zinki oksaidi pengo hilo kwenye joto la chumba vitabu vingi vinaandika elektronivolti 3.37, hicho ni kipimo cha nishati cha vitu vidogo kama elektroni. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikija na nishati pungufu ya hapo inapita zake, ikija na zaidi inamezwa na elektroni inaruka juu. Kama unataka kujua hiyo ni rangi gani chukua 1240 gawanya kwa hiyo nishati unapata urefu wa wimbi kwa nanomita (milimita moja ina nanomita milioni moja), yaani kama 368, na jicho letu linaishia kwenye 400 hivi au chini kidogo, ndo maana unga wake ni mweupe. Lakini uweke kwenye tanuru uuone. Mara ya kwanza nafungua mlango wa tanuru nikakuta unga umekuwa wa njano kabisa, njano ya limau, nikamwita mzee fundi wa maabara nikijua imeingia uchafu, akasema "tulia kijana, iache ipoe", na kweli ikapoa mbele yetu ikarudi nyeupe. Fuwele ikipata moto pengo linapungua, linaanza kumeza na urujuani kidogo, mwanga unaobaki unaonekana njano. Pengo la nishati lilikuwa neno la kitabuni kwangu, siku ile nikaliona kwa macho.

Sasa kazi yangu ilikuwa kuotesha vijiti vya nano, na naposema kuotesha namaanisha kuotesha kweli. Unachukua kioo, unakiosha mpaka maji yakimwagwa yanatambaa yote bila kugawanyika matone, unakipaka zinki asetati iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, unakichoma kama nyuzi 350 za Selsiasi, hapo unapata tabaka la mbegu. Alafu unaandaa maji yenye zinki naitreti na kitu kinaitwa heksamini kwa kiwango sawasawa, unakitumbukiza kioo upande wa mbegu ukiangalia chini, unaingiza kwenye oveni nyuzi 90 masaa kadhaa. Upande uangalie chini kwa sababu unga unaojitengeneza wenyewe ndani ya maji unadondoka, ukiuweka juu utavifunika vijiti vyako vyote. Heksamini kazi yake ni kuachia amonia taratibu, ukifungua chupa pua inajua. Ukikitoa kioo kimepata utando mweupe kama ukungu na ukikigeuzageuza kwenye mwanga unaona kuna kitu kimeota. Kwenye hadubini ya elektroni ndo raha yenyewe, unaona msitu wa nguzo zenye pande sita, zangu nyingi zilikuwa na upana wa nanomita 60 mpaka 100.

Nanomita 60 ni ndogo ndiyo, ila kwa mambo ya mwanga bado kubwa. Watu wengi wakisikia nano wanadhani moja kwa moja pengo linabadilika kwa sababu ya udogo. Elektroni inaporuka juu inaacha tundu huku chini, na hivi viwili vinavutana vinatengeneza jozi inayoitwa eksitoni, na kwenye zinki oksaidi hiyo jozi nusu kipenyo chake ni kama nanomita 2 na kitu. Mpaka kijiti chako kikaribie huo ukubwa ndo pengo linaanza kupanda. Ukiwa na nguzo za nanomita 80 ukaona pengo limehama, usikimbilie kusema ni kwanta, yaani ile fizikia ya vitu vidogo sana, tafuta sababu nyingine kwanza, nimeona tasnifu kadhaa zimeteleza hapo.

Na hiyo eksitoni ndo inayoifanya zinki oksaidi iwe ya pekee. Kuivunja jozi unahitaji milielektronivolti 60, wakati joto la chumba lina kama 25 tu, maana yake jozi inaishi hata kwenye hewa ya Dar mwezi wa pili. Galiamu naitraidi ambayo ndo inatengeneza taa za LED za bluu ina kama 25 tu. Mwaka 2001 kundi la Peidong Yang pale Berkeley, Marekani, walionyesha vinyweleo vya zinki oksaidi vya nanomita 20 mpaka 150 vinatoa leza ya nanomita 385 kwenye joto la chumba, ncha mbili za kijiti zenyewe ndo vioo vya leza. Ile karatasi niliisoma mpaka ikachakaa.

Sisi leza hatukuwa nayo. Kuna jioni nilienda kuazima kwa dada wakala wa simu pesa jirani na geti ile taa ya kukagulia noti, ya mrija, zile nyingi zinatoa kama nanomita 365 ambayo ni elektronivolti 3.4, inatosha kuruka pengo. Tukazima taa za maabara, nikamulika kioo changu, kikawaka njano inayoelekea chungwa, kizuri mno, mzee fundi mwenyewe alisogea. Ila sasa jiulize, kama pengo ni 3.37 mwanga unaotoka ungetakiwa uwe karibu na nanomita 380 ambayo hatuioni, hii njano inatoka wapi? Inatoka kwenye kasoro. Sehemu atomu imekosekana au imeingia isipotakiwa, elektroni inashukia ngazi ya katikati kwanza. Kuna wanaoona kijani, kuna wanaoona njano, inategemea umeoteshaje na umechoma vipi baada ya hapo, na mpaka leo wataalamu wanabishana kijani ni oksijeni iliyokosekana, zinki iliyokosekana, au shaba iliyojipenyeza. Fuwele kamilifu isingewaka hivo machoni petu.

Haya, sasa tufike kwenye mstari.

Dokta alinifundisha kuchora grafu ya Tauc. Jan Tauc alikuwa mwanafizikia wa Cheki, njia yake imetoka mwaka 1966 na inatumika dunia nzima. Unapima kioo chako kwenye spektromita kinameza kiasi gani kwa kila urefu wa wimbi, unazidisha na nishati ya fotoni, unapandisha kipeo cha pili, unachora dhidi ya nishati. Grafu inatambaa chini, inatambaa, alafu ghafla inapanda, na kwenye kupanda kuna kipande kimenyooka. Unaweka rula kwenye kile kipande unarefusha mstari mpaka ugonge mhimili wa chini. Pale unapogonga ndo pengo lako. Mimi nilipata 3.26.

Dokta akaangalia, akaweka kidole pale mstari unapogonga, akauliza, "Hapa umepima?"

Hapo hakuna kipimo. Angalia vizuri, data zenyewe zikifika karibu na mhimili zinauacha mstari, zinapinda, zinakuwa na mkia mrefu unaoshuka taratibu, mkia wa Urbach wanauita, unatokana na kasoro na mtikisiko wa joto. Kifaa kinakwambia kwamba pale mstari unaposema sifuri, sampuli bado inameza. Na juu kidogo kuna eksitoni inaongeza kumeza kwake, inausukuma mstari, ndo maana watu wengi wa Tauc wanapata 3.2 na kitu wakati vipimo vya makini vya fuwele vinatoa karibu 3.37. Nukta ya kugongana ni zao la rula, na rula ina sharti: kwamba tabia niliyoiona huku juu inaendelea vilevile mpaka kule chini. Ni namba yenye faida kubwa, naitetea mpaka kesho, ila ina sharti lake na sharti lazima liandikwe.

Chumba nilikuwa nakaa na jamaa wa idara ya hisabati, yeye alipata bahati niliyoikosa, msimamizi wake alikuwa nje ya nchi na kazi yake ilikuwa kutafuta majibu ya milinganyo ya Einstein yasiyo na singulariti, yaani modeli za ulimwengu ambazo hazianzi na ile nukta ya densiti isiyo na mwisho. Usiku ule nikamwonyesha grafu yangu namlalamikia ule mkia. Akakaa kimya muda, akachukua daftari lake akachora ukubwa wa ulimwengu dhidi ya muda, akaweka rula akarefusha mpaka sifuri, akasema, "Kaka, mbona hii ni ya kwangu."

Na ni ya kwake kweli. Wanasayansi Friedmann 1922 na Lemaître 1927 walitupa ulimwengu unaobadilika ukubwa, ukichukua ile milinganyo ukairudisha nyuma kwa mata ya kawaida, ukubwa unafika sifuri kwenye muda wenye mwisho na densiti inalipuka kwenda kusiko na mwisho. Lakini data zinaishia wapi? Mwanga wa kale kabisa tunaoupokea, ule wa maikrowevu wa nyuzi 2.725 juu ya sifuri halisi, uliachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000. Nyuma zaidi ya hapo tuna ushahidi wa viini vya heliamu, karibu robo ya uzito wa mata ya kawaida, vilivyopikwa ndani ya dakika chache za mwanzo, na hesabu zinakubaliana vizuri sana kuanzia kama sekunde ya kwanza. Kuanzia hapo kurudi nyuma kuna maeneo fizikia tunayoijua bado inabeba, alafu kunakuja kipande ambacho ni rula peke yake. Mlipuko Mkuu kwa maana ya ulimwengu wa moto uliobanana ukatanuka umepimwa, huo usibishe. Nukta yenyewe ya sifuri haijapimwa na mtu.

Sasa ndo akanisimulia habari ya Raychaudhuri, na hii naomba muisome taratibu wale mnaoona mradi wenu ni adhabu. Amal Kumar Raychaudhuri alikuwa mhindi wa Calcutta. Mwaka 1952 alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti pale mjini, yeye moyo wake uko kwenye nadharia ya Einstein, taasisi ikamtaka afanye kazi ya tabia za metali. Metali! Mtu wa ulimwengu kawekwa kwenye vitu vigumu, kama mimi tu. Akafanya, na kosmolojia akaendelea nayo palepale, na mwaka 1955 akachapisha mlinganyo ambao leo una jina lake. Unaelezea jambo moja: kundi la njia za vitu vinavyoanguka kwa uvutano pamoja, zinabanana au zinaachana vipi. Ukitoa mzunguko na kuweka mata inayovuta kama kawaida, njia zikishaanza kukaribiana zitakutana tu, ndani ya muda wenye mwisho. Waingereza wawili wakafuata, Roger Penrose mwaka 1965 kwa nyota zinazoporomoka, na Stephen Hawking na Penrose mwaka 1970 kwa ulimwengu pia, wakajenga nadharia zao za singulariti juu ya wazo hilo. Penrose alipewa Nobel mwaka 2020, Raychaudhuri alishafariki 2005.

Hiyo habari ilinipa nguvu ya kuamka kuosha vioo. Sikuwahi tena kuona oveni yangu kama kitu kilichoniweka mbali na swali langu.

Turudi kwenye masharti, maana hapo ndo kuna utamu. Nadharia ya Hawking na Penrose haisemi singulariti ipo, inasema ikiwa hivi na hivi basi ipo. Moja ya hizo ikiwa ni kwamba uvutano wa mata unavuta siku zote. Na mwaka 1998 makundi mawili yaliyopima nyota zilizolipuka za mbali yakagundua kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, yaani kuna kitu tumekiita nishati ya giza kinafanya kinyume cha kuvuta. Sharti hilo kwa hiyo linavunjwa hata leo juu ya vichwa vyetu. Haimaanishi lilivunjwa na mwanzoni, ila huwezi tena kuliweka kama vile ni la bure.

Sharti lingine linahusu kuwepo kwa eneo ambalo mwanga wenyewe umenaswa, kila upande unakusanyika. Mwaka 1990 Mhispania anaitwa Senovilla akatoa jibu kamili la milinganyo ya Einstein, ulimwengu umejaa mionzi ya kawaida kabisa, densiti chanya, mgandamizo chanya, hakuna ujanja kwenye mata, na hakuna singulariti popote. Unaporomoka, unafika upeo, unatanuka. Umetoroka kwa sababu hauna lile eneo la kunasa, na kwa sababu haufanani kila mahali, una mhimili katikati. Jamaa yangu alikuwa anaichambua hiyo familia ya majibu. Halafu Raychaudhuri, akiwa mzee wa miaka sabini na kitu, akarudi mwaka 1998 na nadharia nyingine, akaonyesha kwamba kwenye ulimwengu wa aina hiyo usiozunguka na usio na singulariti, wastani wa densiti ukiuchukua kwenye nafasi yote na muda wote unatoka sifuri. Maana yake hauwezi kufanana na ulimwengu wetu kirahisi. Mtu aliyetupa msingi wa singulariti ndo huyohuyo aliyekaa uzeeni akapima kwa haki modeli zinazoikwepa.

Njia nyingine ni kubadilisha mlinganyo wenyewe karibu na sifuri. Kuna kosmolojia ya kwanta ya vitanzi, jaribio la kuuweka uvutano kwenye kwanta, Bojowald alianza kuionyesha 2001, na 2006 Ashtekar, Pawlowski na Singh wakatoa hesabu safi. Mlinganyo wa Friedmann unaongezewa kipande kidogo, moja kutoa uwiano wa densiti na densiti ya ukomo. Leo hicho kipande hukioni kabisa kwa sababu densiti ya ukomo ni kama asilimia 41 ya ile ya Planck, densiti ambayo uvutano na kwanta vinatakiwa vitumike pamoja, na ya Planck ni kama kilo 5 ikifuatwa na sifuri 96 kwa kila mita ya ujazo. Ila ukirudi nyuma densiti ikipanda mpaka ikalingana na ukomo, kipande kinakuwa sifuri, kasi ya kubanana inakuwa sifuri, ulimwengu unageuka. Hapo kuna mdundo, sifuri ya ukubwa haifikiwi. Mimi nikikiangalia kile kipande namwona Urbach: mbali na ukingo hakina habari, ukingoni ndo kinaamua kila kitu.

Msidhani basi imeshaisha, kwamba mdundo umeshinda. Wanafizikia Borde, Guth na Vilenkin mwaka 2003 walionyesha ulimwengu wowote ambao kwa wastani umekuwa ukitanuka lazima historia yake iwe na ukingo nyuma, na hawakuhitaji sharti la kuvuta. Mdundo unapona kwa sababu kabla yake kulikuwa na kusinyaa, wastani hauwi wa kutanuka tu. Kila modeli ina mlango iliotokea, na kazi ni kuuliza ule mlango unalipiwa na nini.

Kitu kingine maabara ilinipa ni heshima kwa neno "isiyo na mwisho". Kwenye kijiti chembamba sana ambacho elektroni inaweza kwenda mbele na nyuma tu, hesabu inasema idadi ya hali zinazopatikana ukingoni mwa bendi inakwenda kusiko na mwisho, nazo zinaitwa singulariti, za Van Hove, tangu 1953. Nenda kapime. Utapata kilele kirefu, chembamba kiasi, chenye kimo unachoweza kukisoma kwa rula, kwa sababu joto linatikisa, vijiti havilingani, elektroni haikai hali moja milele. Na fizikia ya karne iliyopita ilianza hivohivo, hesabu za zamani zilisema kitu cha moto kinatoa nishati isiyo na mwisho upande wa urujuanimno, mwaka 1900 Planck akaweka kwanta na mkunjo ukashuka. Huo mkunjo wa Planck ndo satelaiti ya COBE iliukuta mwaka 1990 kwenye mwanga wa kale wa anga lote, unalingana kabisa na ule wa kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiniuliza naamini nini, naamini singulariti ya mwanzo nayo itaondoka siku tukiwa na nadharia ya kwanta ya uvutano. Ni imani yangu, inatokana na nilichokiona, sijaipima.

Nimalizie la sampuli kwa sababu hilo ndo linanifanya nifuatilie anga kwa jicho tofauti. Vile vioo vyenye msitu mnene wa nguzo vilikuwa vinaonyesha kumeza mwanga hata kwenye nanomita 600, nyekundu ile, ambako zinki oksaidi haina sababu ya kumeza chochote. Ukichora Tauc bila kufikiri pengo linashuka mpaka 3.1. Dokta alichofanya ni kunishikisha kioo karibu na dirisha, nikione kilivyo na ukungu. Mwanga unaogonga nguzo unatawanyika pembeni, hauingii kwenye kigunduzi cha mbele, na spektromita haijui tofauti, kwake kisichofika kimemezwa. Dawa yake ni tufe jeupe ndani linalokusanya mwanga wa pande zote, hatukuwa nalo, sampuli zikasafiri kwenda kwenye maabara ya nchi nyingine na zikarudi na namba safi, ule upande wa nyekundu ukawa karibu sifuri kama inavyotakiwa.

Mwezi wa tatu 2014 darubini ya BICEP2 iliyoko ncha ya kusini ya dunia ilitangaza imeona kwenye mwanga wa kale msokoto fulani wa mpolaraizo, yaani uelekeo ambao mwanga unatikisika, ambao ungekuwa alama ya mawimbi ya uvutano ya mwanzo kabisa. Dunia ilishangilia. Mwaka uliofuata, data zake zilipowekwa pamoja na za satelaiti ya Planck, ikaonekana vumbi la galaksi yetu linatosha kueleza walichokiona. Kitu cha katikati kilikuwa kimeshaugusa mwanga kabla haujafika kwenye kigunduzi. Mpaka leo huo msokoto wa mwanzo haujapatikana, na ni miongoni mwa vipimo vichache vinavyoweza kuzibana modeli za mdundo, kwa sababu modeli nyingi za kusinyaa kisha kutanuka zinatabiri mawimbi tofauti na yale ya mfumuko wa mwanzo, yaani wazo kwamba ulimwengu mchanga ulitanuka kwa kasi ya ajabu kwa muda mfupi. Wajapani wana mpango wa kurusha satelaiti inaitwa LiteBIRD kwa kazi hiyo, itapima anga lote kwa rangi nyingi za maikrowevu, na hizo rangi nyingi shabaha yake kubwa ni kulitoa vumbi.

Jamaa yangu wa chumbani anasubiri namba itakayotoka pale, aione modeli yake inapona au inakufa. Mimi nasubiri ile sehemu ya ripoti yenye kurasa nyingi ambayo wengi wataruka, wanapoeleza vumbi wamelitoaje, rangi kwa rangi, na baada ya kulitoa kimebaki nini.